Viti vya Terasi Vilivyopita Barieri ya Kikula

Vijana wa depo, mliniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukinunua seti za terasi kwa jumla, kabla sijasahau. Sijasahau kitu. Ninachosahau siku hizi ni miwani tu, na mke wangu hunikumbusha kwa sauti ambayo majirani wote wanaisikia. Nitaandika Kiswahili cha shule ya mapadri wa Kapolowe, maana ndicho nilichofundishwa kushika nacho kalamu, lakini watu wakisema nitawaacha waseme vile tunavyosemaka hapa Likasi. Habari za nani alipandishwa cheo na nani hakupandishwa, waulizeni waliopandishwa.

Seti ya terasi ni meza ndogo moja na viti vinne, vyote vya chuma chembamba, vya kuweka nje mbele ya buveti, yaani baa ndogo, ili watu wanywe wakipigwa na upepo. Depo ilinunua kwa mafundi wa Kikula, mtaa wa hapa Likasi, kumi, ishirini kwa pamoja, ikawauzia wenye mabaa hapa mjini mpaka Lubumbashi. Ninyi leo mnanunua plastiki inayoingilia mpakani Kasumbalesa, viti vimelaliana kama sahani kabatini. Kazi yenu ni kuhesabu na kutia sahihi. Yetu ilikuwa kukalia.

Siku yangu ya kwanza patron, mwenye depo, alinipa kamioneti, dereva, na neno moja: "Nenda ununue." Nikaenda Kikula, nikaona yadi yenye seti za kijani na nyekundu zinang'aa kama sikukuu, nikajaza kamioneti. Nilirudi nikipiga mluzi. Mchana uleule akaja mteja, Maman Anto, mwenye buveti karibu na soko, mama wa mwili wa kutosha na mdomo wa kutosha. Akakaa. Kiti kikatanua miguu yote minne, taratibu, kama mbuzi anayelala. Akiwa palepale chini akaniuliza: "Mwana, weye unanunuaka kiti ao unanunuaka rangi?" Depo nzima ilicheka. Patron hakucheka. Alisema nitafute mtu wa kunifundisha kabla mama mwingine hajaanguka.

Mtu huyo alikuwa Muzee Tshimanga, fundi wa kuchomelea, yadi yake na nyumba yake zilikuwa pamoja nyuma ya soko la Kikula. Babake aliletwa kutoka mkoa wa Kasai kufanya kazi ya mgodi, zamani za Wabelgiji. Yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa Likasi, na Kasai aliijua kwa masimulizi ya babake tu. Mikono yake ilikuwa imejaa madoa meusi ya cheche, kuanzia vidoleni mpaka kwenye viwiko. Nilipomweleza habari ya Maman Anto alicheka mpaka akafuta macho, halafu akanishika shati akanipeleka kwenye kiti.

"Geuza kwanza," alisema. "Juu ya kiti iko bongo mingi. Chini njo iko kweli." Bongo ni uongo na njo ni ndiyo, kwa ninyi mtakaosoma mkiwa mbali.

Akanifundisha. Kiti kinageuzwa miguu juu, unapitisha kidole kwenye kila kiungo. Kiungo kilichosuguliwa sana na kupakwa rangi nzito kinaficha kitu. Gonga chuma kwa ufunguo: kizima kinalia, kilichooza ndani kinajibu kama debe. Usijaribu kiti kwenye sementi, kijaribu kwenye udongo, maana terasi zetu ni udongo. Nunua wakati wa mvua, mafundi wanapokaa bila kazi kwa sababu hakuna anayekunywa nje, na uuze mvua ikikatika. Na kiti kikiyumba, Muzee hakuweka kijiwe chini ya mguu kama wenzake, halafu kukutazama usoni uone haya kusema. Alishika mguu mmoja, akakandamiza kalio la kiti kwa goti, akazungusha mkono mara moja, tak, kikatulia. Kikula nzima ilimjua kwa hiyo tak.

Jambo jingine la kazi, nalo mlijue. Kamioneti ikikosa mafuta, tulitumia wapagazi. Viti viwili hulazwa kalio kwa kalio, vikakalishwa juu ya nkata, kitambaa kilichoviringwa, kichwani, na migongo ya viti inaning'inia mbele na nyuma ya uso. Ukikutana na mpagazi wa viti njiani huoni mtu. Unaona miguu na vyuma.

Halafu nchi ikaanza kuanguka. Honi ya viwanda, ambayo mji mzima uliitumia kama saa, ikawa inalia siku moja na kunyamaza nyingine. Mishahara ikapotea. Waporaji waliingia depo wakabeba mpaka kiti cha patron, wakaacha kalenda ukutani, labda kwa sababu waliona hakuna tarehe yenye faida. Lakini viti viliendelea kuuzwa. Mtu asiye na kazi naye anahitaji mahali pa kukaa, tena anakaa zaidi.

Kisha yakaja maneno. Kwamba watu wa asili ya Kasai wamekula kazi zetu, kwamba warudi kwao. Watu waliokuwa wakiombana chumvi juu ya ukuta wakaanza kuitana wadudu. Asubuhi tulisikia firimbi, na baada ya firimbi vijana wenye fimbo na minyororo ya baiskeli, na baada ya vijana familia zinatembea barabarani na magodoro kichwani kuelekea gare, stesheni ya treni. Huko walingoja treni ya Kasai, ambayo ilikuja ilipotaka. Nyumba walizoziacha zilipata wenyewe wapya kabla jiko halijapoa.

Mimi ni mtu wa Kapolowe, hakuna aliyenipigia firimbi. Lakini aliyewaficha alipigwa, aliyewabebea mizigo alipigwa, na jirani yetu mmoja alivunjwa mkono kwa sababu alimpa mtoto maji. Niseme wazi: niliogopa. Niliogopa nikivaa viatu, niliogopa nikisalimiwa kwa upole kuliko kawaida. Mke wangu aliniambia asubuhi moja, akinifunga kifungo cha shati kama mtoto, "Mwape, bakikukamata, usitaje majina ya batoto." Nilikwenda kazini na sentensi hiyo tumboni.

Maman Mujinga, mke wa Tshimanga, alikuwa ameshafika gare na binti zao, wamelala nje pamoja na wengine. Walipitia njia za mashambani, pamoja na wanawake wengine. Muzee alibaki. Nilipomkuta yadini alikuwa amechuchumaa na brashi, anapaka rangi miguu ya meza, kama vile nje hapakuwa na kitu. Umeme ulikuwa umekatika mji mzima tangu wiki iliyotangulia, ila alishamaliza kuchomelea.

"Papa, unafanya nini hapa?"

"Kazi ya depo. Mulinipa vyuma. Kazi ya bantu iko mu mikono yangu, niende nayo wapi?"

"Papa, banaua bantu!"

"Najua. Bado meza moja."

Hasira ilinipanda, nikataka kulia na kumpiga kofi kwa pamoja, mtu wa umri wa baba yangu. Mashamba sasa yalikuwa yanalindwa, na njia pekee ya kutoka Kikula kwenda gare ilipita kwenye barieri, kizuizi cha wale vijana wa fimbo. Kila mtu pale alimjua kwa sura. Nilitazama zile seti zilizokauka, nikatazama wapagazi wangu watatu mlangoni, na wazo likaja lenyewe.

"Utabeba," nikamwambia.

Alinitazama. "Minye? Tangu nizaliwe bapagazi njo banabeba."

"Leo utabeba."

Pius, mkubwa wa wapagazi wangu, alivua shati lake lililopasuka akampa, yeye akabaki na singleti. Tukampandisha viti viwili kichwani. Tukatoka, wao wanne na mizigo, mimi mbele mikono mitupu, ndivyo mnunuzi anavyotembea.

Barieri ilikuwa gogo na tairi mbili. Juu ya kreti ya bia alikaa kijana tuliyemwita Djo, mtoto wa Kikula, zamani aliuza sigara moja moja kwenye terasi. Sasa alikuwa na firimbi shingoni na watu walimwamkia kwanza.

"Papa Mwape, bile biti munapeleka wapi?"

"Ku la gare, mwana. Maman Anto anafungula buvette kule. Bantu ya treni banakunywaka." Hiyo ilikuwa kweli, Maman Anto hakuwahi kuacha wateja wakae bila pombe, hata wateja wanaolia.

"Shusha moja, nikalie."

Pius akashusha. Djo akakaa, kiti kikayumba kwenye changarawe. Akainuka, uso umekunjamana. "Munauzishaka bantu biti ya namna hii?" Vijana wakasogea na fimbo zao.

Ndipo Tshimanga akafanya alichofanya. Mzigo ukiwa kichwani, mkono mmoja umeushika, akachuchumaa mgongo wima kama mama anayeteka maji. Mkono mwingine ukatoka chini ya vyuma, ukashika mguu wa kile kiti. Goti juu ya kalio. Tak. Kiti kikatulia. Akasimama, akarudi kwenye mstari. Ee Mungu wangu! Kiti chake kilikuwa kimeyumba mbele za watu, na mtu yule asingeweza kukipita, hata kwa kifo.

Djo aliutazama ule mkono wenye madoa. Aliutazama muda mrefu. Nilisikia jasho likishuka mgongoni kwangu mpaka kwenye mkanda. Kisha akakaa, akajaribu kuyumba, hakuyumba.

"Hii inabakia hapa," alisema, akigonga kiti. "Mupite."

Tulipita. Sikugeuka nyuma mpaka tulipoona paa la gare. Maman Mujinga alipomtambua mumewe chini ya vile viti alimpiga mabega kwa ngumi zote mbili, halafu akamshika asimwachie, na binti zao wakashika sketi ya mama yao. Pande zote moshi, masufuria, kikohozi, watoto wamelala juu ya vifurushi. Maman Anto alipokea seti zake, akageuza kila kiti miguu juu, akanung'unika kuhusu rangi iliyokuwa bado mbichi.

Sikufikiria kurudi. Mnaona jinsi mtu anavyokuwa mjinga akifurahi? Tulifika barieri tukiwa wepesi, tunatembea haraka, na Djo alikuwa bado kwenye kile kiti, miguu ameinyoosha.

"Ulipita na bantu nne," alisema. "Unarudia na tatu."

Damu iliniisha. Nilisema mmoja amebaki kumsaidia Maman Anto kupanga meza. Nilisema haraka mno. Pius nyuma yangu alianza kusali kwa sauti ndogo. Djo alitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililonitisha kuliko fimbo zote.

"Papa Mwape, usichoke na bongo. Ule mwenye alibakia, umwambie hivi: nyumba yake njo nitalala leo. Na posti, ile mashine yake ya kuchomelea, na yote. Kama angebakia, ningesumbuka naye. Sasa aende muzuri."

Kwa hiyo alijua. Alijua tangu mkono ulipotoka. Alimwacha mtu apite kwa sababu nyumba tupu haina fujo.

Kesho yake asubuhi nilibeba unga kidogo, nikasema ni wa Maman Anto, nikapita. Djo hakuwepo barierini, ila kiti kilikuwepo. Nilimkuta Tshimanga chini ya ukuta wa gare, chini ya taa ya nguzo, anawafundisha binti zake kukunja blanketi liwe mfuko. Nikamweleza yale maneno. Nilidhani atatukana. Mimi ningetukana.

Akainuka ghafla. "Waya!"

"Waya gani, Papa?"

Akanieleza, maneno yakigongana. Mafundi wote wa Kikula walichukua umeme wenyewe kwenye nguzo ya barabarani, kila mtu kwa akili yake. Yeye waya wake ulipita kwenye senyenge moja ndefu ya chuma iliyokuwa uani, umefungwa kwa matambara, na matambara yameoza. Kila siku akimaliza kazi aliufungua kwenye nguzo. Umeme ulipokatika mwishoni mwa kazi hakuufungua, aliona waya umekufa, hauna haraka. Kisha ikaja hofu, vikaja viti, akasahau. Ile senyenge ni mahali pa kuanika nguo. Umeme ukirudi, atakayeigusa na nguo mbichi hatapiga kelele mara mbili.

"Papa," nikasema, "ule kijana alikunyanganya nyumba."

"Nimesikia."

"Alikuachia upite kusudi akuibe muzuri."

"Mwape, nimesikia! Lakini ile waya niliifunga minye."

Wakati huohuo, juu ya vichwa vyetu, ile taa ya gare ikawaka. Mchana kweupe. Watu walishangilia, kuna waliopiga makofi. Sisi wawili tuliitazama kama watu wanaotazama nyoka. Tshimanga alianza kukimbia, na Maman Mujinga akamkamata shati, lile shati la Pius, likapasuka zaidi. "Utakufa!" alimlilia. "Utaniacha na babinti!" Muzee akasimama hapo katikati, nusu yake inakwenda, nusu imeshikwa. Akanigeukia. Hakuniomba. Alinitazama tu.

Nilikimbia. Nawaambia ukweli, sikukimbia kwa moyo mzuri. Njia nzima nilikuwa najiuliza: kwa nini? Ningeweza kutembea. Ningeweza kufunga kamba ya kiatu. Nani angejua? Na hofu yangu ilikuwa na sababu, maana nikimwambia Djo kwamba nimetoka kwa Tshimanga, nimekiri kwa mdomo wangu mwenyewe mbele ya fimbo zote kwamba nilimpitisha. Niliona sura za watoto wangu. Miguu iliendelea kukimbia, sijui iliamriwa na nani.

Djo alikuwa amerudi kwenye kiti chake, anakula mhogo.

"Djo! Senyenge ya uani! Iko na courant!"

Vijana wakacheka. Djo akatafuna. "Nani anasema?"

Nikalitaja jina. "Muzee Tshimanga. Alinituma. Waya yake inapita ku ile senyenge, hakuifungula, na courant imerudia. Ku la gare taa inawaka."

Kijana mmoja alizungusha mnyororo kwenye ngumi yake, akanisogelea.

"Ni bongo," Djo akasema. "Muzee anataka nikimbie nyumba kusudi arudie."

"Mwana," nikamwambia, na sauti yangu ilikuwa inalia, sikuweza kuizuia, "mu ile parcelle, nani anaanikaka manguo?"

Mhogo ukasimama mdomoni mwake. Nikaona hofu ikiingia usoni pake, hofu ileile niliyoijua mimi kila asubuhi nikivaa viatu. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona kwa mtu mwenye firimbi.

"Mama," alisema. "Tulilala naye kule. Leo njo anafula."

Aliruka gogo akakimbia, kiti kikaanguka nyuma yake. Wenzake wakatazamana, kisha wakamfuata, mmoja baada ya mwingine, hata yule mwenye mnyororo. Barieri ikabaki bila mtu. Nikaenda zangu nyumbani, nikafunga mlango kwa ufunguo. Sikuwa na ujasiri wa kwenda kuona.

Treni ilikuja siku iliyofuata, vagoni za mizigo, wazi. Nilikwenda kuaga. Watu walipandishana kwa mikono, wazee, watoto, masufuria. Tshimanga alinipigia kelele kutoka juu, amemkumbatia binti yake mdogo: "Ule mama? Ulifika mbele?" Nilipiga kelele kwamba sijui. Akaweka mkono sikioni, hakusikia, honi ya treni ilikuwa inalia. Nikarudia. Treni ikaanza kwenda, naye bado ameinamisha kichwa anangoja jibu. Tulisikia baadaye kwamba watu wengi walikufa njiani kwenye treni zile, kwa kiu na kwa ugonjwa. Mpaka leo sijui kama alifika. Nimeuliza kila msafiri wa Mwene-Ditu, kule Kasai, aliyepita depo, miaka yote hii, mpaka wakaanza kunikimbia.

Kesho yake baada ya treni kuondoka nilikuwa depo, nimegeuza kiti miguu juu, nagonga kwa ufunguo. Mlango ukafunguka, Djo akaingia. Peke yake. Sikumwona na firimbi. Ufunguo ulinidondoka mkononi, nikarudi nyuma mpaka nikagusa ukuta, nikajua zamu yangu imefika.

Hakusogea. Alisimama mlangoni anatazama sakafu. Alisema alimkuta mama yake ameinua kitenge kibichi kwa mikono miwili. Alimsukuma, wakaanguka wote kwenye beseni. Kitenge kilirukia senyenge kikatoa moshi.

"Mama eko muzima," alisema. Sauti ilikuwa ya yule mtoto wa sigara. "Anasema niende nimuambie ule muzee aksanti. Nilienda ku la gare, sikumuona. Papa Mwape, unipeleke kwenye eko."

"Treni ilienda jana."

Alifikiri. Akafuta pua kwa mkono.

"Itarudia?"

"Treni itarudia," nikamwambia. "Yeye hapana."